Mgaagaa na Upwa Si Lofa

 

Wasikilizaji, swali la leo limetoka Mkwaja, kusini kabisa mwa wilaya ya Pangani. Kijana mmoja, jina ameomba tulihifadhi, anajifunza Kiingereza. Anasema wageni wanaokuja kuangalia wanyama Saadani hawasemi Kiingereza cha daftari la shule. Neno lazy analijua tangu darasani, hilo halina shida. Analotaka ni lile la mtaani, lile wanalotaniana wenyewe wakiwa kwenye gari. Ameandika: "Wao kwa wao, mtu goigoi wanamwitaje?"

Mwanangu, neno hilo unalo. Umelisema tangu utotoni bila kujua kwamba ni Kiingereza. Ni lofa.

Wenyewe huliandika loafer. Lilianza kuonekana kwenye maandishi kule Marekani miaka ya 1830, na asili yake wataalamu hawajapatana. Wapo wanaolihusisha na neno la Kijerumani la mtu wa kutangatanga nchini. Loafer alikuwa yule anayeegemea ukuta mikono mfukoni, huku wenzake wanapakua mizigo. Siku hizi ukimwambia Mmarekani neno hili, huenda akafikiria viatu kwanza: vile vya kutumbukiza mguu, visivyo na kamba, ambavyo kampuni ya G.H. Bass ilivitoa mwaka 1936 na vikashika soko. Mitumba yetu imejaa viatu hivyo. Kwa kweli jina limewakaa; anayevivaa hata kuinama kufunga kamba hataki.

Lakini lofa wetu si loafer wao, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mtazame anayebeba magunia stendi tangu alfajiri, jasho linamtiririka, jioni anarudi na unga wa kupima. Huyo si mvivu hata chembe. Ila akipita na kandambili zilizoungwa kwa waya, utasikia kijiweni: "Lofa yule." Kwetu lofa ni hohehahe, kabwela, asiye na mbele wala nyuma. Mtu hata hujiita mwenyewe akitaka kupunguziwa bei: "Nisaidie bwana, mimi lofa tu." Mwingereza hawezi kuomba apunguziwe kwa kujisifia uvivu. Kwake loafer ni asiyetaka kazi. Kwetu ni asiye na kitu. Mahali fulani njiani kuna mtu aliyechukulia kwamba asiye na kitu ndiye huyo huyo asiyetaka kazi, na sisi tukalipokea neno likiwa na dhana hiyo ndani yake.

Mnakumbuka Jangwani, tarehe 23 Agosti 2015? Uzinduzi wa kampeni za CCM. Rais mstaafu Benjamin Mkapa akasimama akawaita wanaosema wanataka kuikomboa nchi kuwa wapumbavu na malofa. Nchi ikawaka. Kwa wiki nzima na zaidi lofa ndiye aliyekuwa gumzo, kwenye daladala, kwenye simu, kwenye vijiwe vya kahawa. Sasa Mkapa hakuwa mtu wa kubahatisha maneno. Alisoma Kiingereza Makerere, akahitimu mwaka 1962, na alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa waziri. Malofa wote wawili aliwajua, wa Kiingereza na wa Kiswahili. Alimkusudia yupi, Mungu amrehemu, hilo ni lake. Waliokuwa wakisikiliza walimsikia wa Kiswahili. Kwa Kiingereza neno lile ni ukucha tu wa kufinya. Kwa Kiswahili ni kofi la shavuni, kwa sababu linampiga mtu kwenye umaskini wake, na umaskini hakuuchagua.

Basi nisije nikamwacha kijana wetu na neno moja tu. Yapo mengine. Lazybones ni la nyumbani, mama anamwambia mtoto ambaye jua limemkuta kitandani. Halina sumu, unaweza kumtania rafiki. Layabout ni la Uingereza, nalo ni kali zaidi: ni mtu mzima mwenye nguvu zake anayeshinda bure. Hilo usimwambie mgeni ukiwa bado unangoja bakshishi.

Halafu kuna couch potato. Hili nalipenda. Ni kiazi, mbatata, cha kwenye kochi: mtu aliyejitupa kochini mbele ya televisheni, anatafuna, hainuki ila kutafuta rimoti. Lilizaliwa California miaka ya 1970. Mwezi Juni 2005 wakulima wa viazi wa Uingereza waliandamana nje ya Bunge lao mjini London, na wengine kule Oxford inakochapishwa kamusi kubwa ya Kiingereza, wakidai neno hilo liondolewe kamusini. Hoja yao ilikuwa kwamba kiazi ni chakula chenye afya, kwa nini kifananishwe na mtu mzembe mwenye kitambi? Wakapendekeza couch slouch, yaani mlegevu wa kochini, ili kiazi kipone. Wenye kamusi wakajibu kwamba kazi yao ni kuandika watu wanavyosema. Neno likabaki. Lakini wakulima wale nawavulia kofia. Waliona bidhaa yao inachafuliwa jina, wakabeba mabango. Sisi wa pwani tumeitwa wavivu tangu enzi za Mjerumani na sijaona bango hata moja.

Slacker ndilo la mwisho nitakalompa, na hili lina historia chungu. Wamarekani walipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, slacker akawa kijana anayekwepa kuandikishwa jeshini. Mwezi Septemba 1918 mjini New York askari na raia wa kujitolea waliwazoa vijana kwa maelfu, mitaani, kwenye vituo vya treni, kwenye kumbi za maonyesho, ili waoneshe karatasi za kuandikishwa. Wengi walikuwa hawana kosa lolote. Karatasi tu wameziacha nyumbani.

Ukiyachunguza maneno ya namna hii utaona mengi hayatoki kwa jirani anayekujua. Hutoka kwa mtu anayezitaka nguvu zako, jeshi au shamba, nawe umechelewa kuzitoa. Na kwa mambo ya shamba, wasikilizaji, hatuhitaji kwenda mbali.

Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliondoka kama elfu moja, ikafika ikiwa hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, upande huu wa kuelekea Mkwaja. Kutokana na miche hiyo 62 ndipo Tanga ilipokuja kuwa mkoa wa mkonge. Mkonge unataka mikono mingi: kupanda, kupalilia, kukata, kubeba, na mwiba wake haukusamehe. Wakaitazama pwani, wakaona wanaume wamekaa. Wakasema, hawa tutawaajiri. Wanaume hawakwenda.

Kwa nini waende? Walikuwa na minazi, walikuwa na bahari, mashua za kupeleka mizigo Unguja, mashamba ya mpunga na mahindi nyuma ya nyumba. Na kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kandokando ya mto Pangani, kabla ya Mjerumani, kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kwa mtu wa Pangani wa wakati ule, kulima shamba la mwingine huku umesimamiwa kulinuka utumwa. Muungwana hakugusa. Aliyekuwa mtumwa jana naye hakutaka kurudi huko huko leo kwa jina jingine. Mjerumani alipoandika kwamba watu wa pwani ni wavivu, alichokuwa akikieleza hasa ni kwamba walikuwa na hiari, nao waliitumia.

Dawa ya hiari ikapatikana. Mwaka 1898 ikaja kodi ya kibanda, ili mtu alazimike kutafuta fedha. Kule milimani Lushoto, Wajerumani walikokuita Wilhelmstal, mwaka 1907 ikawekwa kadi: kila mwanamume awafanyie kazi walowezi siku thelathini katika kila miezi minne. Waingereza walipochukua nchi, wenye mashamba wakazidi kutegemea watu wa mbali. Hao ndio manamba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, na mwaka 1944 ikaundwa ofisi yao maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Manamba akapewa kipande chenye vyumba thelathini, kila siku ya kazi chumba kimoja, na mshahara hautoki mpaka kipande kijae, ndani ya wiki sita hivi. Wazee wetu wa Muheza na Korogwe wanakikumbuka kipande vizuri. Na mtu wa pwani, ambaye hakukijaza, akabaki na jina lake: mvivu.

Si sisi peke yetu. Msomi wa Malaysia, Syed Hussein Alatas, alitoa kitabu mwaka 1977 kuhusu uzushi huu wa mwenyeji mvivu, akiwachukua Wamalay, Wafilipino na Wajava. Hadithi ni ile ile. Mmalay alikuwa na mpunga wake na samaki wake, akakataa mashamba na migodi ya Mwingereza. Akaandikwa mvivu, wakaletwa watu wa mbali. Ukibadilisha majina ya mahali, unasoma Pangani.

Mkwaja wenyewe wana kisa chao. Miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, wenye mashamba ya mkonge, walianzisha ranchi kubwa ya ng'ombe pale Mkwaja ili wafanyakazi wao wapate nyama. Walikuwa na fedha, madaktari wa mifugo, dawa, majosho. Mbung'o wakawashinda. Karibu nusu karne walipigana na ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o hao, vichaka navyo vinarudi kila wakivifyeka, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi ile sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Mwenye mtaji akishindwa tunaambiwa mazingira yalikuwa magumu. Sijamsikia aliyewaita malofa.

Sasa nirudi kwa wageni wa kijana wetu. Gari la watalii linapita Mkwaja saa nne asubuhi. Wanaona nini? Wanaume wamelala. Mmoja kwenye kitanda cha kamba chini ya mkungu, mmoja ndani ya ngalawa iliyopandishwa mchangani, kofia usoni. Mwingine amekaa tu. Kamera zinatoka, na mgeni mmoja anasema neno. Kijana, usikimbilie kucheka naye. Mwangalie huyo aliyekaa tu. Ana wavu mapajani, vidole vinaingia na kutoka kwenye matundu bila yeye kutazama, uzi umebanwa na kidole gumba cha mguu. Anashona alipochana kasa au jiwe. Kucha zake zina weusi usiotoka kwa sabuni. Yule wa kwenye ngalawa alikuwa majini tangu magharibi, taa imewashwa, anangoja dagaa wapande kwenye mwanga, na amerudi na adhana ya alfajiri. Dagaa wenyewe hao wanachemshwa hapo nyuma na akina mama, moshi unaonekana. Asubuhi hii ndiyo usiku wake. Mgeni amemkuta saa nane ya usiku kwa hesabu yake.

Na mgeni akipita wiki nyingine, ya mbalamwezi, ataona wamekaa zaidi. Uvuvi wa taa unataka giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo chombo kinapandishwa, kinapigwa kalafati, kinapakwa mafuta ya sifa, na mtu anapumzika mpaka giza lirudi. Kusi nalo likichafuka, Juni hadi Agosti, mwenye chombo kidogo hatoki, na anayetoka hasifiwi kwa bidii, anaitwa mpumbavu. Bamvua na maji mafu ndiyo kalenda. Mama wa mwani anafuata kupwa kwa bamvua, hata kukiangukia siku ya sikukuu. Jumatatu haimhusu.

Wahenga wa pwani hii walilijua hilo. Wakasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mtazame huyo mgaagaa: anazurura ufukweni, hana haraka, anainama hapa, anapekua pale. Mgeni angemwita loafer papo hapo. Lakini jioni ndiye mwenye kitoweo, kwa sababu kuzurura kwake ndiyo kazi yenyewe. Nafikiri ni methali chache duniani zinazomsifu mzururaji, na hii ni yetu. Kwa hiyo, kijana, kabla hujawapa wageni neno la mvivu, wape sentensi hii kwa Kiingereza, ni rahisi: They were fishing all night. Walikuwa wakivua usiku kucha. Itakufaa kuliko maneno yote niliyokutajia.

Lakini nisionekane wakili wa kila aliyelala. Wavivu wapo, tena Mkwaja wanajulikana kwa majina. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kweli, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Mwalimu Nyerere alisema hivyo na wanaume wakapiga makofi, sijui walidhani anamsema nani. Mama ametoka kuteka maji, ametoka kuni, ametoka kwenye mwani mgongo unamuuma, anampita mumewe kwenye bao, kete mkononi, naye mume anauliza kama chakula kimeiva. Huyo asijifiche nyuma ya wavuvi wa usiku. Na kumtaja hatuhitaji kuazima. Yuko mtegaji, anayekuja kazini lakini nguvu anaziacha nyumbani. Yuko doezi, anayebisha hodi sufuria likiepuliwa. Yuko marioo, anayelelewa na mwanamke na bado anachagua mboga. Yuko kupe. Kuna aliyebweteka, ambaye alipata kidogo akaona yatosha. Mwenye kuwapa watu majina hayo ni shangazi, ni jirani, mtu aliyeona sahani na anajua nani ameosha na nani amekula. Hukumu yake naiamini.

Ninayemwogopa ni anayelitamka neno akiwa na pingu. Mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Wazururaji wakakamatwa Dar es Salaam na miji mingine, wapelekwe vijijini wakalime. Wengi waliozolewa walikuwa wauza karanga, washona viatu, vijana wenye meza za sigara: watu wa kazi, isipokuwa kazi yao haikuwa na ofisi. Na kabla ya sheria hiyo, na baada yake, tulikuwa na Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni. Kifungu cha 176 kinahusu mtu mzembe asiye na mpangilio. Cha 177 kinamgusa mtu anayeshukiwa, ambaye hana njia inayoonekana ya kupata riziki na hawezi kujieleza vya kutosha. Mvuvi wa Mkwaja aliyekwenda Tanga mjini wiki ya mbalamwezi kununua nyuzi, amekaa barazani anangoja duka lifunguliwe, riziki yake inaonekanaje? Iko baharini. Akijieleza kwa askari kwamba leo hafanyi kazi kwa sababu mwezi unawaka, ataeleweka?

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za aina hii haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake, na hasa maskini. Ikasema nchi zenye sheria hizo zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Waheshimiwa wabunge wa mkoa wa Tanga, najua wengine mnatusikia mkiwa njiani. Maoni yale yapo, yameandikwa, hayahitaji visa wala ndege kuyafuata. Yasomeni, kisha mfungue Kanuni ya Adhabu kwenye vifungu hivyo viwili, na Bunge likikaa mtueleze mnafanya nini.